Kabla ya Kukata Picha, Tuhifadhi Asili Yake

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo hahitaji kufundishwa na mtu maana ya neno marudio. Mawe yakishasagwa katika karasha, unga wake ukaoshwa mwaloni na dhahabu ikanaswa kwa zebaki, mchanga unaobaki hautupwi. Hurundikwa, hulindwa, huuzwa, na mwishowe hupelekwa kwenye matangi ya kuchenjulia kwa sayanaidi, kwa sababu kila mtu machimboni anafahamu kwamba zebaki haikunasa dhahabu yote. Sehemu kubwa bado imo mchangani. Elimu hiyo ya marudio imenunuliwa kwa jasho la watu wengi, na leo ni vigumu kumpata mwenye duara atakayekubali mchanga wake uzolewe bure.

La kushangaza ni kwamba elimu hii, iliyoenea machimboni, haijaingia maofisini wala mashuleni mwetu kuhusu mali nyingine tunayoichimba kila mwezi, nayo ni picha za video. Kwa muda wa miaka ishirini sasa, halmashauri, shule, vyama vya ushirika, parokia na misikiti ya Shinyanga na Geita zimekuwa zikitumia kamera za video za ubora wa juu, ama za kwao wenyewe, ama za kukodi pamoja na mpiga picha. Zimepigwa picha za mikutano ya vijiji, uzinduzi wa visima, mahafali, maonyesho ya wakulima na mashindano ya ngoma. Lakini tukio likishapita, mara nyingi mambo huendelea kwa namna moja. Mkanda au kadi hupelekwa kwa fundi wa studio. Fundi hukata, hutia muziki na maandishi ya rangi, kisha huikabidhi ofisi santuri moja ya DVD. Mkanda wenyewe hurudishwa katika kamera na kupigiwa juu yake harusi ya Jumamosi inayofuata. Kadi hufutwa ili ipate nafasi. Ofisi imepokea chembe yake ya dhahabu ikafurahi, na marudio yote yamekwenda na maji.

Makala haya yanataka kusema jambo moja. Picha asili, yaani ile iliyotoka katika kamera kabla ya kuguswa na mkono wa fundi, ni kumbukumbu ya umma, na thamani yake ni kubwa kuliko filamu iliyohaririwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuihamisha salama na kuiorodhesha. Kuhariri ni kazi ya pili. Tena kazi hizi zote mbili zinaweza kufanywa na mwalimu au karani yeyote mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani kwake, bila kumsubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Hebu tuanze na hesabu. Picha ya kamera ya ubora wa juu, kwa kipimo chake kamili, hujengwa kwa nukta 1,920 za upana na 1,080 za kimo, yaani nukta 2,073,600. Picha ya santuri ya DVD, kwa mfumo unaotumika nchini mwetu, hujengwa kwa nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Ukigawanya utaona kwamba ya kwanza ni mara 5 kamili ya ya pili. Maana yake ni kwamba ofisi iliyolipia kamera ya ubora wa juu, kisha ikaridhika na DVD peke yake, imetupa nukta 4 katika kila 5. Na hapo hatujahesabu muda. Mkutano wa saa 3 ukifupishwa kuwa dakika 20, kilichobaki ni sehemu 1 ya 9. Zidisha hasara ya kwanza kwa hasara ya pili, nawe utakuta kwamba kilichomo katika ile santuri ni sehemu 1 ya 45 ya kile kilichotoka katika kamera. Hata zebaki ya mwaloni haina hasara kubwa namna hiyo.

Pengine atatokea ndugu atakayeuliza kwamba hizo sehemu 44 zina faida gani, ikiwa mgeni rasmi ameonekana na hotuba yake imesikika? Swali hilo ni halali, na linastahili kujibiwa kwa mifano ya hapa hapa petu.

Mfano wa kwanza ni ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikisemwa kuwa nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ukaendelea hadi mwaka 2004. Mpango huo ulifanikiwa kwa kuiheshimu desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yakae bila kuguswa hadi kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto wake. Sasa fikiri juu ya mkanda wa mkutano wa kijiji uliopigwa mwaka 2006. Fundi wa studio hukata kwanza zile dakika ambazo kamera iliwaacha wasemaji ikatazama kilima nyuma ya mkutano, kwa kuwa kwake yeye kilima si habari. Lakini kwa bwana miti wa leo, na kwa mwalimu wa jiografia, kile kilima ndicho habari: kilikuwa na miti mingapi wakati ule, na leo kina mingapi? Hotuba ya mgeni rasmi huenda ipo katika faili la ofisi. Kilima hakimo katika faili lolote.

Mfano wa pili ni ngoma na nyimbo. Watu wa Usukuma wanazijua jamii mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, ambazo mashindano yao yana mizizi katika karne ya 19. Mshindi hupatikana kwa kuvuta watazamaji wengi, na manju hutunga papo kwa papo, akifundisha, akikejeli, akikumbusha mambo ya mwaka ule. Ngoma ya Bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa katika kilimo cha pamoja, na mpangilio wake ni mpangilio wa kazi yenyewe. Fundi akichukua ngoma ya saa 2, akaikata ikawa dakika 5, akaacha miruko ya kupendeza tu, ametunyang'anya maneno ya manju, majibizano ya waitikiaji, na kelele za watazamaji ambazo ndizo zilizoamua nani ameshinda. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, yaliyojengwa kwa juhudi za Padre David Clement, yametuhifadhia ngoma, viti na vyombo vya watemi. Lakini sauti ya manju haiwezi kutundikwa ukutani. Hiyo inahifadhika katika picha asili peke yake.

Mfano wa tatu ni haki za wananchi, na hapa jambo linakuwa zito zaidi. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba. Siku kama hiyo mwananchi huulizwa: nyumba yako ilikuwaje, shamba lako liliishia wapi, ulikuwa na miti gani? Picha ya mahafali ya shule iliyopigwa miaka mitano kabla, ikiwa inaonyesha nyuma ya wanafunzi paa lake na mwembe wake, inaweza kumsaidia kuliko maneno mia moja. Lakini ni lazima iwe ni picha asili, yenye tarehe yake ndani ya faili, isiyokatwa wala kutiwa rangi. Filamu iliyohaririwa humwacha mtu na swali: je, kipande hiki kimetoka wapi?

Swali hilo si la kinadharia katika nchi yetu ya dhahabu. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu mwezi Agosti 1996, kulizuka madai ya vifo ambayo Serikali iliyakanusha. Ubishi ule ulidumu kwa miaka, ukafika mpaka kwenye ofisi inayoshughulikia malalamiko katika Kundi la Benki ya Dunia, ambayo mwaka 2002 haikuyathibitisha madai hayo. Miongoni mwa vitu vilivyobishaniwa ulikuwamo mkanda wa video, uliotolewa na upande mmoja kama ushahidi na kupingwa na upande wa pili. Makala haya hayakusudii kulifufua shauri hilo. Tunachotaka kusema ni kwamba mkanda usiokuwa na kumbukumbu ya nani aliupiga, wapi, lini, na umepita mikononi mwa nani, haumsaidii mlalamikaji wala mlalamikiwa. Pande zote mbili zina faida katika picha asili iliyotunzwa vizuri. Na anayefaidika na picha iliyovurugika ni uvumi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa bahati mbaya akiba ya mkanda huoza. Utepe wa sumaku huchakaa kwa joto na vumbi, na vumbi la Shinyanga wakati wa kiangazi tunalijua sote. Zaidi ya hapo, vyombo vya kuusomea vinatoweka. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, ilitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba kufikia mwaka 2025 hivi kuisoma mikanda ya sumaku kungekuwa kugumu, kwa kukosekana mashine, vipuri na mafundi. Mwaka huo tumekwisha kuufikia. Kwa hiyo kabati lenye mikanda ya miaka ya 2000 katika ofisi yoyote ya Kahama, Geita au Shinyanga mjini si ghala tena. Ni wodi ya wagonjwa mahututi.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Kamera tulizonazo ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni za mkanda, za mfumo wa HDV, uliotangazwa mwaka 2003 na makampuni ya Canon, Sharp, Sony na JVC, ambao hutumia kaseti ndogo ileile ya MiniDV. Namna ya pili ni za kadi au diski ya ndani, hasa za mfumo wa AVCHD, uliotangazwa mwaka 2006 na Sony na Panasonic. Kila namna ina miiko yake.

Kwa mkanda, mwiko wa kwanza ni kuufunga usiandikwe tena. Kila kaseti ina kitufe kidogo mgongoni cha kusogeza. Kikisogezwa upande wa kuhifadhi, kamera haiwezi kupiga picha juu yake hata mtu akikosea. Kisha mkanda huchezwa na kamera yenyewe, na picha hupita katika kebo iitwayo FireWire hadi kwenye kompyuta. Wapo wanaotumia nyaya za rangi tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, kwa kuwa zinapatikana kila duka. Wajue kwamba nyaya hizo haziwezi kupitisha ubora wa juu. Atakayezitumia amejitengenezea picha ya kiwango cha DVD, na amefanya kazi ya fundi wa studio bila kulipwa. Uhamishaji wa mkanda huenda kwa mwendo wa mkanda: saa 1 ya picha huchukua saa 1, na hujaza yapata gigabaiti 12 au 13. Kwa hiyo diski moja ya nje ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 70. Kwa kuwa umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, yafaa kutumia kompyuta ya mpakato yenye betri nzima, na kamera nayo iwe na betri yake.

Hapa hatuna budi kutoa onyo kwa maofisa ugavi. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la kebo ya FireWire. Mara nyingi tundu hilo limo katika ile kompyuta ya zamani iliyokwisha kuandikwa katika orodha ya vifaa chakavu, ikingoja mnada pamoja na kamera ya mkanda ambayo haitumiki tena. Vifaa hivyo viwili visiuzwe kabla ya mikanda yote ya ofisi kuhamishwa. Mwenye kuuza kamera akabakiwa na mikanda ni sawa na mwenye kuuza ufunguo akabakiwa na kufuli.

Kwa kadi, kosa linalofanywa zaidi ni kuchagua. Mtu hufungua kadi, huchukua vipande anavyovipenda, na kuacha vingine. Mfumo wa AVCHD hupanga picha katika folda zenye mafaili madogo ya maelezo, na picha ndefu hugawanywa katika mafaili kadhaa ambayo hujulikana kuwa ni ya mfululizo mmoja kwa msaada wa maelezo hayo. Kwa hiyo nakili folda zote kama zilivyo, hata zile zinazoonekana kuwa hazina kitu. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa kilichomo katika kadi na kilichomo katika diski, kisha tazama kwa macho yako mwanzo, katikati na mwisho wa kila picha. Kadi isifutwe mpaka kuwe na nakala mbili, katika diski mbili, zinazokaa katika majengo mawili. Moto au mwizi akipita ofisini, nakala ya pili iwe shuleni. Akipita shuleni, iwe ofisini.

Baada ya hapo huja jambo linalowahusu hasa makarani na walimu, nalo ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na diski yenye mafaili 400 yasiyo na majina ni mali iliyokwisha kupotea ingawa ipo mezani. Kila picha ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali na tukio, ili kompyuta yenyewe izipange kwa mfuatano wa wakati. Katika daftari ziandikwe tarehe, kijiji, tukio, jina la mpiga picha, lugha iliyosemwa, urefu wa picha, nakala zinakokaa, na majina ya wazee waliozungumza. Hilo la mwisho lifanywe mapema. Leo bado yupo mtu kijijini anayeweza kusema, 'Yule mwenye kanzu ni fulani.' Baada ya miaka kumi hatakuwapo.

Sasa ndipo mtu anaweza kuhariri, na ahariri nakala, kamwe asiguse asili. Programu kama Kdenlive na Shotcut hutolewa bure kwa njia halali, hivyo hakuna sababu ya mtumishi wa umma kutumia programu ya wizi iliyojaa virusi. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu picha za AVCHD zimebanwa sana, na kompyuta ya kawaida inapozifungua picha hukwama kwama. Dawa yake si kununua kompyuta ya bei kubwa. Programu hizo zina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi za picha. Mhariri hukata na kupanga akitumia hizo nyepesi, na siku ya kutoa filamu kamili programu hurudi yenyewe kwenye zile nzito. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila picha inapobanwa upya hupungua, kama vile nakala iliyotolewa kutoka katika nakala ya nakala inavyofifia hata isisomeke. Kwa hiyo filamu mpya itoke katika asili daima, isitoke katika filamu ya zamani, wala katika picha iliyopita kwenye WhatsApp.

Tunafahamu kwamba yatakuwapo mapingamizi. Ndugu mmoja atasema kwamba shule zina upungufu wa madawati na vyoo, na kuzungumzia mikanda ni anasa. Tunamjibu kwamba diski mbili na kebo moja hazinunui darasa, lakini kumbukumbu za ujenzi wa darasa, za nani alichanga nini na kiasi gani, huzuia darasa lisijengwe mara mbili katika vitabu na mara moja katika kiwanja. Mwingine atasema kwamba kamera hizo zimepitwa na wakati, maana kila mtu ana simu, na walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Ni kweli. Lakini kishikwambi nacho hujaa, na kikijaa mtu hufuta. Kama hatukujifunza nidhamu hii kwa mkanda wa saa 1, hatutaipata kwa kifaa kinachopiga picha mia kwa siku.

Pingamizi la tatu ni la maana zaidi, nalo linahusu faragha. Mikoa yetu ina kidonda. Tumeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na kuanzia mwaka 2007 tumeona unyama waliotendewa ndugu zetu wenye ualbino. Picha inayoonyesha sura ya mtoto na njia ya kwenda kwao si picha ya kuchezea. Ndiyo maana twasema kwamba kuhifadhi si kutangaza. Asili ifungwe kabatini. Kitakachotolewa hadharani ndicho kihaririwe, na hapo ndipo kuhariri kunapopata heshima yake ya kweli, yaani kuondoa kinachoweza kumdhuru mtu badala ya kuondoa kinachomchosha mtazamaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kutuwekea mipaka, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imekwisha kutukumbusha kwamba kumbukumbu ya ofisi ya umma si mali ya aliyekalia kiti.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kila ofisi ya umma inapomkodi mpiga picha iandike katika mkataba kwamba picha zote asili, pamoja na zile asizozitumia, ni mali ya ofisi na zitakabidhiwa siku ileile ya kukabidhi filamu. Kifungu hicho hakigharimu hata senti moja. Pili, kila halmashauri iteue shule moja ya sekondari iwe kituo cha kuhamishia mikanda, chini ya mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa historia kwa pamoja, maana mmoja anajua namna na mwingine anajua sababu. Wanafunzi wafanye kazi hiyo kwa zamu. Hiyo ndiyo Elimu ya Kujitegemea kama Mwalimu Nyerere alivyoieleza mwaka 1967. Jembe lake limebadilika tu. Tatu, gharama za vifaa ziingizwe katika mipango ya wajibu wa makampuni kwa jamii, ambayo tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 makampuni ya migodi hupaswa kuiandaa kila mwaka kwa kushauriana na halmashauri. Lakini utunzaji wenyewe ubaki mikononi mwa wananchi. Mgodi mkubwa una uwezo wa kujipiga picha na kuzitunza. Kijiji kikikosa picha zake, watoto wetu watakuja kuisoma historia ya Geita na Kahama katika filamu za kampuni.

Nne, picha hizo zirudi kijijini zikafanye kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Chombo kilikuwa duni kuliko simu ya leo, lakini vyoo vilichimbwa. Mwezi Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Ni wachimbaji wangapi wadogo wamepata kuonyeshwa, kwa picha zilizopigwa katika maduara ya hapa hapa na kwa lugha wanayoielewa, namna matimba yanavyofungwa na namna yanavyoanza kulegea? Filamu kama hiyo inaweza kutengenezwa na mwalimu wa Mwakitolyo au wa Mgusu kwa kompyuta yake, endapo picha asili zipo. Picha za ukaguzi mmoja wa mgodi zinaweza kuzaa filamu ya usalama mwaka huu, somo la jiolojia mwaka kesho, na ushahidi mbele ya baraza mwaka wa tatu. Zikishakatwa na kufutwa hazizai tena.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Santuri yenye muziki na maandishi ya rangi ni msala upitao. Mkanda wenye vumbi kabatini ndio mbachao wetu. Kila mkuu wa shule na kila mkuu wa idara anayesoma ukurasa huu aombe ufunguo wa kabati wiki hii, ahesabu kaseti na kadi zilizomo, avifunge vitufe vyake, na aandike mstari wa kwanza wa daftari. Kamera ya kuzisomea kaseti hizo ikiwa bado ipo, azuie isiende mnadani.